Kisu na Barua, Mfuko Mmoja

Mpendwa Baba Njeri,

Kesho unatimia mwaka tangu tukuzike. Mama yako atakuja kutoka Ngoliba na basi la asubuhi, na jamaa watajaa katika chumba hiki cha Kiganjo mpaka wengine wakae kitandani. Watakunywa chai, wataomba, halafu mtu atamwambia mama yako, "Cucu, bibi yetu, tuambie ile ya kisu." Naye ataisimulia kama anavyoisimulia kila mahali. Kisu chenyewe kiko hapa mezani mbele yangu. Nimekipaka mafuta nikakipangusa.

Nakuandikia leo kwa sababu kesho nataka kuisoma barua hii mbele yao wote. Nikingoja kusema kwa mdomo nitashindwa. Unanijua, mdomo wangu ni mwepesi kwa kugombana na wauza viazi tu.

Unaikumbuka siku tuliyokinunua? Ilikuwa Jumamosi, Thika, katika duka la yule Mhindi mwenye miwani. Tulikuwa na ruhusa ya kutoka shambani Ruiru mpaka saa kumi tu, na Njeri mgongoni alikuwa hana hata miezi miwili. Mimi nilikuwa naangalia jua kila mara. Wewe ulikuwa umeinama juu ya kaunta kana kwamba Hali ya Hatari ya wakoloni ilikuwa ya watu wengine.

Visu vilikuwa vitatu. Mimi nilikitaka kile kirefu cha mpini mweupe wa mfupa. "Chukua hiki, Baba Njeri," nilikuambia. "Hiki kitachinja kuku."

"Hicho kitatuchinja sisi," ukasema. Ukakilaza kwenye kiganja chako, makali yakapita vidole vinne na kuendelea. Askari wa siku zile walikuwa wanapima kwa macho, na kisu kilichozidi kiganja kilikuwa na maswali yake.

Cha pili kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni, kina mkasi, msumeno, mpaka kijiko. Mhindi alikisifu sana. "Hii nzuri, mama. Nyumba yote iko ndani." Ukamjibu kwamba mfuko utachanika, na siku ukitaka kisu kwa haraka utatoa kijiko. Nilicheka nikasahau jua.

Halafu ukaomba maji. Ukalowesha mikono yote miwili pale pale dukani, ukaanza kufungua kila kisu kwa ukucha. Mhindi akaniuliza, "Huyu bwana anaoga?" Ukamwambia, "Kazi yangu ni ya pampu. Mkono yangu haikauki." Kile kirefu kiliteleza. Kile kinene kilikataa kabisa. Cha tatu, cha mpini mweusi na vyuma vinne tu, kilifunguka mara moja. Kisu, kifungua kopo, bisibisi, na chuma chembamba cha kutobolea. Ulikisukuma kila chuma kwa upande kuona kama kinachezacheza, ukakifunga karibu na sikio kusikiliza mlio wa springi. Ulikifunga mara nyingi mpaka Mhindi akaondoka kwenda kuhudumia watu wengine.

Ni kweli ulichagua vizuri. Kile kisu kilikuwa kazini kila siku, kwenye pampu ya mtoni na kwenye mashine ya kumenya kahawa. Na mara mbili tulizopewa ruhusa ya kwenda kwa mama yako Ngoliba kwa miguu, ndicho kilichotufikisha. Kamba ya kandambili yangu ya mpira wa gari ilipong'oka njiani, ulitoboa tundu jipya ukaifunga kwa waya. Mwiba ulioniingia kisiginoni uliutoa kwa ncha ile ile, mimi nikipiga kelele na wewe ukiniambia ninyamaze nisije nikaamsha fisi mchana.

Lakini kisu peke yake hakikutosha. Meneja wa shamba alikuandikia barua: mtu huyu ni fundi wa pampu, anaruhusiwa kuwa na kisu kimoja cha mfukoni. Ukaikunja mara nne ukaiweka mfuko wa koti pamoja na kisu. Ukaniambia sheria moja tu, na hukuwa mtu wa kunipa sheria: "Kisu na barua, mfuko mmoja. Kisu bila barua, mimi ni mtu wa msituni. Barua bila kisu, watauliza nimempa nani." Nilikuitikia. Niliitikia huku napepeta maharagwe, Baba Njeri.

Siku ile Njeri alikuwa analia tangu alfajiri. Maziwa yangu yalikuwa yamepungua na kopo la maziwa ya unga lilikuwa limefungwa. Koti lako lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, wewe uko nje unanawa. Nikachukua kisu nikafungua kopo. Maji yalikuwa yanachemka, mtoto anapiga mateke, na nilipogeuka umeshavaa koti umeondoka. Nikasema si kitu, atarudi saa sita kula. Nikakifunga kisu ndani ya pindo la shuka nililombebea Njeri, nisikisahau.

Malori ya askari yalikuja saa tatu.

Walitutoa wote, waliokuwa nyumbani na waliokuwa kazini, wakatukalisha chini kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na meza za kahawa katikati. Sisi wanawake tulipitiwa haraka. Askari mmoja alinyoosha mkono kwenye mgongo wangu, Njeri akamlilia usoni, akasonya akapita. Kisu kilikuwa kinanichoma ubavuni kana kwamba kimetoka motoni.

Kisha wakaanza na wanaume. Nilikuwa mbali na wewe kama kutoka hapa mpaka kwenye bomba la maji, na nilisikia kila neno. Ulitoa kipande chako cha kitambulisho. Ukatoa barua. Ukaingiza mkono tena mfukoni, ukauacha humo, na hapo nikajua kwamba umejua.

"Barua iko. Kisu iko wapi?" askari akakuuliza.

"Imeanguka mtoni, afande. Nikifungua pampu."

"Lini?"

"Leo. Asubuhi."

"Imeanguka mtoni ama umepelekea watu wa msitu?"

"Aca, hapana, afande. Ni mtoni."

Alikupiga mara moja na kitako cha bunduki, hapa begani. Akakuuliza tena. Ukasema tena mtoni. Wakakusimamisha, wakakupeleka kwenye lori.

Sasa fika hapa, Baba Njeri, kwa sababu hapa ndipo mama yako anapoinua sauti. Anasema kabla hujapanda uligeuka, ukanitafuta kwa macho, ukaniona nataka kuinuka, ukatikisa kichwa. Kidogo tu, hivi. Na mimi nikakutii nikakaa, ingawa moyo ulikuwa unapasuka. Anawaambia wasichana kanisani, "Huyo ndiye mke, anasikia hata asipoambiwa." Mara moja alinishika mkono mbele ya watu akalia. Shamba ninalolima Ngoliba alinipa kwa ajili ya hilo.

Wewe ndiye uliyempa hadithi hiyo. Ulirudi baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, umekonda, kifua kinakohoa peke yake, na Njeri akakukimbia akajificha nyuma yangu. Mama yako alikuwepo. Kabla hujaketi nilikuletea kisu katika kitambaa, nikapiga magoti. Ulikifungua kwa ukucha, ukakifunga karibu na sikio kama dukani. Ukasema, "Springi bado." Mama yako akauliza kilikuwa wapi siku zote hizi. Mimi nilifungua mdomo. Wewe ukanitangulia.

"Alikuwa nacho mgongoni. Alitaka kusimama, mama. Mimi nikamtikisia kichwa."

Nilikutazama. Ulikuwa unachambua kitu kwenye mpini, hukuinua macho.

Hukutikisa kichwa. Hukunitazama kabisa. Ulipanda lori ukiangalia miguu yako, na nadhani uliogopa kwamba ukinitazama na wao watanitazama. Na mimi sikutaka kuinuka. Nimejaribu miaka hii yote kujiambia nilikaa kwa ajili ya Njeri, kwamba angebaki na nani. Si kweli. Sikumfikiria Njeri hata kidogo. Niliogopa kitako cha bunduki, niliogopa lori, niliogopa mimi, mwili wangu huu. Neno moja tu lingetosha, "Afande, ni mimi niliyekichukua," na barua ilikuwa pale pale mkononi mwake. Labda wangenichukua mimi. Labda wangecheka watuache wote wawili. Sitajua, na hilo ndilo linaloniamsha.

Hatukulizungumza kamwe. Ulikuwa unafungua makopo ya Njeri kwa kisu kile, unanitania kwamba kama tungenunua kile cha kijiko tungekuwa tumekula vizuri zaidi. Nilikuwa nacheka. Usiku ukikohoa nilikuwa nakusugua mgongo, na mara nyingi nilitaka kusema, na kila mara ulikuwa unaanza kuongea habari nyingine, habari za pampu, habari za mvua. Nilikuchukia kidogo kwa hilo, unajua? Ulinisamehe kabla sijaomba, ukanifungia mlango wa kuomba.

Juzi Njeri alikuwa anacheza michezo yao hapo nje. Alikuwa yeye ni baba, mtoto wa jirani ni mimi. Akapanda kwenye jiwe, akageuka, akatikisa kichwa polepole, na yule mwingine akaketi chini kwa utii. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Mama yako anaweza kuondoka kesho bila kumaliza chai. Shamba anaweza kulichukua, ni lake. Mimi namwogopa kuliko nilivyomwogopa yule askari, kwa sababu huyu nampenda. Lakini atakapofika pale anaposema uligeuka, nitamwomba asimame kidogo. Njeri nitampakata. Nitawasomea haya yote, na nikimaliza nitawaambia kwamba mtu aliyedanganya kwa ajili yangu mara mbili, mara ya kwanza kwa askari na mara ya pili kwa mama yake mzazi, hahitaji kuongezewa sifa ya kichwa ambacho hakukitikisa.

Pumzika, Baba Njeri. Usinitangulie safari hii, niache niseme mwenyewe. Koti lako bado liko kwenye msumari. Nimeikunja barua hii mara nne nikaitia mfukoni mwake pamoja na kisu.

Ni mimi,
Mama Njeri wako