Watoto wa Skuli Wanapita Uwani Kwangu

Bi Mshauri, shikamoo. Naomba uniongoze kabla mume wangu hajarudi kutoka Pemba, maana nimefanya jambo la kheri kwa siri na sasa silali. Tunakaa Mtoni, mlango wetu wa mbele uko mtaani na wa uwani unatokea nyuma ya skuli, na watoto wa hapa hawana njia nyengine ila ukingoni mwa barabara ya Bububu, magari yanawapita karibu mpaka sare zinapepea, na mwezi uliopita pikipiki ilimvunja mguu mtoto wa jirani yangu Ruqaya, ndipo Ruqaya akaja akaniambia, "Bi Asila, tufungulie uwani, nitawaleta mwenyewe, wakubwa wawashike mkono wadogo," nami nikafungua, ingawa mume wangu Zahran alishakataa zamani, akasema nyumba yake si uchochoro na uwani ni pa wanawake. Juzi alinipigia simu watoto wakipita. "Makelele gani hayo?" Nikasema ni redio. "Redio gani hiyo inayosema shikamoo Bi Asila?" Akacheka, akakata simu. Anarudi Alkhamisi. Nifunge mlango?

Asila, Mtoni

Marahaba, Asila. Nakusifu kwanza, ingawa hukuomba sifa. Umewatoa watoto wa watu barabarani bila ya kungoja mtu aje kuchora kivuko. Na Ruqaya, ambaye mwanawe amevunjika mguu naye bado anawapeleka skuli watoto wa wenzake, nampa heshima yangu yote.

Lakini redio? Mwanamke mzima! Zahran ameshajua, alicheka kwa sababu anakungoja useme. Mpigie leo, usimngoje mlangoni. Anza na mguu wa mtoto, kisha ungama uwongo wako.

Hoja yake ya sitara ni ya haki, nawe uitimize. Tundika pazia zito baina ya njia ya watoto na jiko lako. Wapite asubuhi na wakati wa kutoka skuli tu, na mwanamme mtu mzima asivuke kizingiti. Zahran akifika, mwende pamoja kwa sheha wa mtaa wenu mkaombe kivuko na mtu wa kusimamisha magari, kwani uwa wa mtu mmoja hautoshi mtaa mzima.

Mlango usiufunge. Akikataa hata baada ya hayo, kazi ya kuufunga usiifanye wewe. Atoke yeye asubuhi, amkabili Ruqaya, amweleze kwa nini watoto warudi barabarani.