Pasipoti Ndani ya Bitana

Chumba Namba 6, Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Dobi.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au umeifungia kabatini ukaendelea kulalamika kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima. Mwanao Kifungo yuko darasa la tatu sasa. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, na kutwa anapiga mluzi kupitia pengo mpaka dobi wa chini anagonga dari kwa ufagio.

Najua umekaa roho juu tangu nilipokupigia simu nikilia. Nisamehe kwa kukata kabla ya kueleza. Leo ninalo la kusema, kwa hiyo kaa kitako.

Unajua viza zetu zilikwisha muda. Hujui ilikuwaje, maana niliona aibu kukuambia. Tulipofika, nyumba tuliyopanga ilikuwa na wezi, nami nikazishonea pasipoti zetu zote tatu ndani ya bitana ya koti la shemeji yako. Kazi safi, hata mshono huuoni. Zikakaa humo. Yeye alidhani tarehe naikumbuka mimi, mimi nikadhani anaikumbuka yeye. Nilipolifumua koti nibadilishe bitana iliyochanika, miezi minane ilikuwa imeshapita tangu viza ziishe.

Badala ya kwenda kusema, tukanyamaza. Mwaka mzima, dada. Nikisikia hodi, nazima cherehani. Kifungo tulimkataza asimwambie mtu tunakaa wapi, akawa anatoka shule kwa kuzunguka mitaa miwili ili wenzake wasimfuate. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ndipo ikaja barua ya uhamiaji: tufike mbele ya hakimu tujieleze, la sivyo tupandishwe ndege sote watatu. Tulimpata mwanasheria anayesaidia watu bila malipo, mama mmoja wa maneno machache. Alitusisitizia mambo mawili tu: tuseme kweli, na pasipoti zisipotee. Sasa, shemeji yako si unamjua? Ameshasahau mwavuli, ameshasahau miwani, na siku moja alimsahau Kifungo mwenyewe kule anakooka mikate. Basi mdogo wako nikafanya nini? Nikazirudisha kwenye koti, nikapiga mshono mara mbili.

Siku ya kesi karani akaomba pasipoti. Nikatia mkono mkobani kutafuta mkasi, nikakumbuka askari wa mlangoni ameuchukua. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shemeji yako amesimama kama mlingoti na koti lake, mimi nimepiga magoti ubavuni kwake, nafumua uzi kwa meno mbele ya hakimu. Mwanasheria wetu akajifunika uso kwa faili. Kifungo ndiye aliyetoa maelezo bila kuulizwa, kwamba mama huwa anashonea vitu kwenye nguo ili baba asivisahau.

Hakimu, mzee mwenye sura ya kutisha, akavua miwani. Aliuliza kama ndiko zilikokaa miaka yote. Nikasema ndiyo, nikaeleza kila kitu, hata ule mwaka wa kunyamaza. Sikubakiza. Akasema ameona wengi wanaoficha pasipoti ili wasijulikane, ila hajawahi kuona mtu aliyeificha mpaka akajifichia mwenyewe tarehe. Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka huku nalia.

Hatufukuzwi. Tumepewa miezi sita tuombe upya, tukiripoti kila mwezi, na kazi na shule viendelee. Bado wanaweza kutukatalia, mwanasheria hakutuficha. Lakini kati ya familia tano alizowahi kuzifikisha hapa tulipofika, nne zimepata vibali. Juzi Kifungo alipita njia fupi na rafiki yake, akasimama barabarani akamwonyesha dirisha letu. Nililia mpaka nikaharibu pindo la suruali ya mteja.

Mwambie Mama sasa alale usingizi. Mjomba Seremala umpe salamu zangu, na wanao wote, hasa yule kitinda mimba mtundu. Mungu awafunike kwa rehema zake, Mama ampe afya, na goti lako alitazame kwa jicho la huruma.

Jambo moja nusura nilisahau. Kile chumba cha nyuma ulichotufagilia na kututandikia kitanda, ukituambia tukirudishwa tusiogope, nimekushukuru mpaka basi. Sasa kipangishe. Sisi tukija tutalala sebuleni kama wageni wengine, tiketi za kurudi huku zikiwa mkononi, na wewe ndiye utakayetusindikiza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye bila kikomo,

Fundi