Jina Lako Kwenye Faili

Mwembesongo, Morogoro
Juni 14

Kaka yangu Dadi,

Shikamoo. Wifi naye mfikishie shikamoo yangu. Mama je, miguu imepungua kuuma? Mimi huku ni mzima, na safari hii sisemi hivyo kwa kujaza mstari. Nina wiki tatu nalala usingizi wa kushiba, hata jirani yangu Filomena anasema nimenawiri.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ninayo. Maneno ya simu hayawezi kupita mikononi mwa wazee wa msikiti, na haya nataka yapite. Nimesikia kwamba huko Kinole watoto tisa wameondolewa madrasani kwako, eti mwalimu ni mlevi na anatibiwa mjini. Wewe, ambaye hata togwa ikichachuka kidogo unairudisha jikoni. Habari hiyo ilianzia kwangu, kaka. Naomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Kuna kliniki ya afya ya akili hapa mjini. Mlangoni wamebandika picha za washauri wao, na chini ya kila picha wameeleza mtu alikotoka na anachoshughulikia. Bi Editha alikuwa mkunga miaka ishirini, sasa anawahudumia wanawake wanaojifungua kisha wakaingiwa na huzuni isiyoisha. Bwana Castory ni kijana aliyesomea saikolojia, anaonana na wanafunzi, na wale wa Mzumbe humpangia foleni wakati wa mitihani. Wa mwisho ni Bwana Severini. Kwake pameandikwa kwamba alikuwa mkata miwa, alikunywa pombe miaka kumi na miwili, akaacha, akasomea ushauri, na sasa anawasaidia walevi. Nilisimama pale muda mrefu nikijifanya namsubiri mtu.

Nilipoingia kwake nilisema nimekuja kwa niaba ya kaka yangu, mwalimu wa madrasa. Aliponiuliza jina, nikataja lako. Akaniandikia kadi ya miadi: Dadi Mkude, kwa Severini, ushauri wa ulevi. Kadi hiyo niliichomeka kwenye mfuko wa gauni nililokuwa namshonea Mwanvita, nikaisahau, naye akaondoka nayo hadi huko kwenu. Mwanvita unamjua, mdomo wake hauna likizo.

Basi kila Jumanne nikawa nakwenda kukutibisha. Severini alinisikiliza kwa upole, akataka kujua kaka huyo anakunywa saa ngapi na pombe anaificha wapi. Jumanne ya tatu nikamjibu kwamba anamimina gongo kwenye chupa ya chai na kuiweka chini ya cherehani. Akaniuliza huyo mwalimu wa madrasa alianza lini kushona. Nilicheka, kaka, nikacheka mpaka nikalia. Akaniambia kwamba yeye naye siku ya kwanza alikwenda kumtafutia msaada shemeji yake, na wala hakuwa na shemeji. Faili akaliacha lilivyo, akisema nitalirekebisha mwenyewe nikiwa tayari.

Mlevi ni mimi. Nilianza Halidi aliponiacha, kidogo kidogo ili nipate usingizi, mwisho nikawa siwezi kutunga uzi kwenye sindano kabla sijanywa. Leo ni siku ya sabini na moja sijagusa hata tone. Nilikuficha kwa kuogopa kukuumiza, na kumbe nimekuumiza zaidi. Nisamehe. Nimelia sana kwa ajili ya jina lako, lakini tangu nianze kuandika barua hii kifua changu kimekuwa chepesi.

Sasa naomba uisome mbele ya wazee na wazazi wa watoto, yote, bila kuruka panaponihusu. Ukiona vigumu, mpe mjomba Yusuph aisome. Ila kwanza msomee mama akiwa peke yake, asije akayapata kwa watu.

Nitapanda huko Ijumaa ya wiki ijayo. Wapwa wangu wadogo wabusu, na mama mwambie maneno yake anitunzie, nitayapokea yote. Jumanne iliyopita, baada ya kusikia yaliyokupata, niliomba lile faili, nikakata jina lako na kuandika langu.

Mdogo wako,
Hafidha Mkude,
mgonjwa wa Bwana Severini.