Asilimia Zilizobaki Zilikuwa Zangu

Trondheim, mwishoni mwa Machi

Kaka Hamdija,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limepatana na ngazi za hapo Zenica. Shemeji je, bado anakuficha sigara? Sisi hatujambo. Theluji imelowa na kuchafuka, lakini haiondoki.

Umeuliza habari za Senada wangu. Amepona. Nilipaswa kuliandika neno hilo kwa furaha tupu, basi niache nikueleze polepole.

Unakumbuka bega lilivyomwangusha kule kwenye makao ya wazee anakooka mikate, na jinsi moyo nao ulivyofuata bega. Karibu mwaka mzima alikaa nyumbani. Nilimpikia, nilimwosha nywele, nilimsomea magazeti kwa lugha yetu. Tangu tukimbilie huku, yeye ndiye aliyekuwa na watu: wenzake wa kazini, lugha yao, vicheko vyao vya kwenye simu. Mimi nilikuwa na vitabu. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mimi tu.

Ndipo wakampeleka kwenye kituo cha kuwaandaa wagonjwa kurudi kazini. Alirudi na mashavu mekundu na jina moja mdomoni: Torgeir, mshauri wake. Torgeir amesema apumzike kabla hajachoka. Torgeir amesema mwili si adui. Torgeir kampandisha mlimani, wakala mkate na jibini la kahawia juu ya jiwe. Nilimwuliza huyo Torgeir ana umri gani. Senada akacheka hadi akashika bega: "Ragib, mzee wangu, unamwonea wivu mtu anayevaa ndala na soksi za sufu?" Nilikana. Lakini nilimwonea, kaka, na zile soksi nilizichukia pia.

Hapa mtu harudi kazini kwa mkupuo. Hurudishwa kwa asilimia. Alianza na ishirini: asubuhi chache, bila kubeba kitu kizito. Nikajiambia themanini zilizobaki ni zangu. Zake zilipofika hamsini nikaanza kumpigia simu kazini kumwuliza chumvi iko wapi. Chumvi ilikuwa mbele yangu. Wenzake wakamtania kwamba nyumbani ana mtoto mchanga mwenye ndevu.

Kisha kikaja kikao cha kuamua kama arudishiwe kazi yake nzima. Posho ya ugonjwa ilikuwa inakaribia kukoma. Kama asingeweza, tanuri lingebaki kwa msichana aliyemshikia nafasi, na Senada apelekwe chumba cha kufulia kukunja vitambaa. Senada aliniomba niende naye. Torgeir alikuwapo, kumbe ana kipara na amekaribia kustaafu, lakini Senada alimsogezea kiti. Gunnvor, msimamizi wao kazini, akanigeukia kwa upole kuniuliza nyumbani anaendeleaje.

Nikasema bado. Nikasema hawezi kunyanyua sufuria, na jioni hulia. La sufuria lilikuwa uongo. La kulia lilikwisha zamani. Senada hakunikanusha mbele ya watu. Gunnvor akaahirisha uamuzi hadi Ijumaa, akagusia vile vitambaa.

Nyumbani, kabla hajavua koti, Senada alilichukua gunia letu la unga kwa mkono uleule uliokuwa mbovu, akalipandisha juu ya kabati. "Haya," akasema, "mgonjwa ni nani hapa? Lishushe." Nilijaribu. Nilibaki nimelishika kwa ncha za vidole kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Hakucheka. Alisema alinichukua kikaoni kwa sababu hakuna mwingine duniani aliyemwona akiinuka, nami nimekwenda kumlaza tena.

Haya sijamwambia mtu huku. Asubuhi nilimpigia Gunnvor nikakiri kwamba nilidanganya, tena kwa wivu. Neno hilo kwa lugha yao nililitafuta kwanza kwenye kamusi. Akaniuliza kama nami nina mtu wa kuzungumza naye. Nikamjibu kwamba nina kaka.

Sasa Senada anafanya kazi yake yote. Hurudi na unga kwenye nyusi na habari za watu nisiowajua. Wivu haujaisha, jana alimtaja Torgeir mara mbili, nami nilihesabu.

Msalimie shemeji na watoto, na mvumiliane. Senada naye angekusalimu, ila hajarudi kutoka kazini, na supu inapoa.

Mdogo wako,
Ragib