Tela Jepesi

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko na lori lako. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, ingawa hali ya shemeji yako ni ya kupanda na kushuka. Jana alikula vizuri, leo ameitazama tu sahani. Nakuandikia kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na mambo mengine ukiyasema kwa simu ya kuazima yanaishia njiani.

Tela limekwisha. Lile uliloliona mifupa mitupu uani sasa lina kuta, paa, jiko dogo na vitanda viwili. Cha chini chetu, cha juu chako, maana mume wangu, fundi wangu huyu, anasema wewe shemeji yake huwezi kutuvuta mpaka ziwani halafu ulale chini ya gari kama spea. Mapazia nimeshona mimi, mazito, rangi ya majani. Unajua mwenyewe, maisha yake yote ameezeka nyumba za watu kwa bati, na sisi tumepanga hadi leo. Anataka alale chini ya paa alilojiezekea mwenyewe, huku anasikia maji. Daktari hakutuficha. Kama ni kwenda, twende kabla ya mvua kubwa.

Kilichotukwamisha ni usajili. Ofisini wanasema tela zito hulipiwa ada kubwa kila mwaka, tena lifungwe breki zake na likaguliwe. Pesa hiyo imekwenda kwenye dawa. Wewe unapita kwenye mizani kila siku, hakuna njia ya kupunguza? Nasema njia ya halali. Sitaki kutia sahihi uongo asubuhi, halafu jioni nipige magoti kusali kwa uso gani.

Dada yako


12 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mpe pole shemeji, mwambie naombea hiyo safari kuliko hata mshahara.

Njia ipo, na ni halali kabisa. Tela jepesi hulipiwa ada ndogo, mara moja tu, na breki hawaulizi. Mnachotakiwa kuwa nacho ni cheti cha mizani kinachoonyesha kwamba pamoja na vifaa vyake halizidi kilo mia saba na hamsini. Muende na tanki la maji likiwa tupu, na mtungi wa gesi mshushe. Lakini kwanza muulize shemeji mwenyewe. Yule hukadiria uzito wa bati kwa jicho, nimemwona akibishana na muuza bati hadi mizani ikaletwa, na aliyeona haya hakuwa yeye.

Mwambie pia kitanda changu akifanye kirefu. Miguu ikilala nje watatutoza ada ya basi.

Mdogo wako, Kitindamimba


29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku mvua imeanza kudondoka, na moyo wangu nao si mkavu. Tumepima. Limezidi.

Nilimuuliza kama ulivyosema. Akazunguka tela na fimbo yake, akagonga hapa na pale, akasema, "Litapita, na kilo tano zitabaki." Tukacheka, nikamwambia hizo tano ni za mto wangu wa kulalia. Jumanne jirani muuza mbao akatuvuta na pikapu yake. Fundi alikataa kubaki nyumbani, alitaka kuwapo. Kiti cha mbele hakuweza kwa ajili ya nyonga, basi nikamlaza kitandani kwake ndani ya tela, nikamfunika, nikavuta mapazia jua lisimpige. Jirani akalifungua tela kwenye pikapu, likabaki peke yake juu ya mizani. Mpimaji hakutoka hata dirishani, alisoma, akaandika, akanipa karatasi. Limezidi kilo arobaini na sita.

Tulipofika nyumbani fundi wangu aliomba kalamu, akapiga hesabu upya, bati kwa bati, bawaba kwa bawaba. Ikaja ile ile yake ya kwanza. Akaweka kalamu, akaniambia, "Mke wangu, jicho limeniacha. Sikujua kama na hilo nalo litaondoka." Nikamtania kwamba labda ni mapazia yangu. Hakucheka.

Sasa tunapunguza. Yeye anakaa kwenye kiti mlangoni, anaelekeza, mimi na jirani tunafungua skrubu. Kabati limetoka, jiko limetoka. Kitanda chako tumekitoa jana, unisamehe. Wiki ijayo tutapima tena, Mungu akipenda, akiweza kukaa.

Dada yako


3 Aprili

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisomea mpakani, kwenye foleni. Acheni kung'oa. Msitoe hata skrubu moja zaidi.

Dada, mlipofika juu ya mizani, shemeji alishuka? Umeandika umemlaza, umevuta mapazia, lakini hukuandika kwamba alishuka. Tela hupimwa bila mtu ndani. Sisi madereva tunajua hivyo kiasi kwamba sikuona haja ya kukwambia. Kama alikuwa kitandani, basi wamempima na yeye.

Mwambie hakukosea. Nakuomba umwambie leo leo, ukishamaliza tu kusoma. Barua nampa dereva mwenzangu anayeshuka huko, atafika keshokutwa.

Mdogo wako, Kitindamimba


21 Aprili

Dada yangu, shikamoo, na pole tena.

Nimefika salama kutoka msibani. Unalala? Unakula? Wifi yako anasema ukishindwa kukaa peke yako uje kwetu, chumba cha watoto kitahama.

Nina jambo. Kabla ya msiba nilikutumia barua. Mwenzangu niliyempa alikwama siku nyingi kwa sababu daraja lilisombwa, na nasikia sasa amevuka. Nilipofika kwako sikujua kama uliipata. Kisha tukiwa tumekaa uani ukaniambia, "Shemeji yako amekufa amekasirikia mikono yake." Nikajua hukuipata. Nikanyamaza, maana watu walikuwa wengi na wewe hukuwa na nguvu. Asubuhi yake nikaondoka kabla hujaamka, nadhani umeliona hilo.

Barua hiyo ikifika, usiifungue. Itie motoni. Ni mambo ya mizani tu, hayana kazi tena.

Mdogo wako, Kitindamimba


30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi nipo. Nimekaa kimya muda mrefu, usidhani ni hasira.

Barua yako ya mpakani ilifika kabla ya ile ya kunikataza. Nilifurahi kuona mwandiko wako, nikaifungua nimesimama mlangoni na ufagio mkononi. Sikuweza kukaa wala kuendelea kufagia. Jirani ndiye aliyenikuta.

Haikunijia akilini kabisa. Ningekumbuka kushusha gunia, ningekumbuka kushusha hata ndoo. Yeye nilimfunika nikamwacha pale, maana pale ndipo mahali pake. Alikuwa amekonda mno, mdogo wangu, nilikuwa namgeuza kwa mkono mmoja.

Mei yote nilikuwa namwuliza Mungu kwa nini daraja. Sikujibiwa, nikaacha kuuliza, nikaendelea kusali tu.

Mwezi huu nimemwita jirani, tumerudisha kila kitu. Kabati, jiko, na kitanda chako mahali pake. Tukalivuta hadi mizani ile ile. Mpimaji akasoma, akatoka nje safari hii, akanitazama. "Mama, mmetoa nini? Linabakiza kilo tano." Nikamwambia hatukutoa kitu, siku ile mume wangu alikuwa amelala ndani. Akauliza, "Na leo yuko wapi?" Nikamwonyesha ardhi kwa kidole. Akavua kofia yake, akaniandikia cheti.

Kilo tano, kama alivyosema. Nilikwenda na cheti hicho hadi kaburini nikamsomea kwa sauti, watu waliokuwa wakipita wakasimama. Najua hasikii kwa masikio haya ya kwetu. Lakini miezi hii yote linaloniliza si ziwa. Ni kwamba mtu aliyeezeka nusu ya mtaa huu ameondoka akiamini amekosea kazi yake ya mwisho, na mimi nilikuwa nimekaa karibu naye namkubalia, namwambia si kitu, sote tunazeeka.

Ada nimelipa, ile ndogo. Kibao cha namba kimefungwa. Nilifikiri ningefarijika kuikwepa ile kubwa, nikarudi nyumbani nikakaa ndani ya tela, mapazia yamefungwa, mpaka jua likazama.

Mvua zimekwisha na barabara ya ziwani inapitika. Jirani hawezi kunivuta hadi kule, pikapu yake ni ya karibu karibu. Nataka kulala usiku mmoja chini ya paa lake nikisikia maji, halafu nirudi. Kitanda chako ni kirefu, alikiongeza kabla hujaomba. Omba ruhusa kazini uje. Nakuomba unijibu upesi.

Dada yako