Simba Mwekundu, Shusha

Babu yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, polepole, kamusi ikiwa karibu. Hata nilipokuuliza kwa Kiingereza, wewe ulinijibu kwa Kiswahili.

Tangu uondoke, basi la barabara ya Sheppard, hapa mjini kwetu, nalipanda peke yangu. Bado naviita vituo kwa majina uliyovipa, ya vituo vya ule mji wa soko kule Uingereza ulikoendesha basi ujanani. Maktaba ni Mnara wa Saa. Duka la kahawa ni Taji. Kituo chetu cha nyumbani ni Simba Mwekundu. "Simba Mwekundu, shusha," ulikuwa ukininong'oneza, nami nabonyeza kengele.

Hospitalini uliomba tena na tena ushushwe Simba Mwekundu. Baba Mdogo alikusikia, akalitafuta jina hilo kwa Kiingereza kwenye simu, akakuta ni baa ya kule Uingereza. Jumapili, baada ya hitma yako, watu wakinywa chai, akasema kwa utani kwamba kumbe Mzee alikuwa na maskani yake. Wengine wakacheka. Mzee mmoja wa msikitini hakucheka. Aliweka kikombe chini.

Wewe, Babu. Wewe ambaye hata siki ulisoma kwanza imetengenezwa kutokana na nini, isije ikawa na kileo.

Unanijua, mbele za watu sauti hunikwama. Nilisimama hivyo hivyo. Nikaeleza kwamba kule watu huelekezana njia kwa baa, na kituo huitwa jina la baa iliyo mkabala nacho. "Babu hakuingia humo," nikasema. "Alisimamisha basi nje, watu washuke." Ngeli nilizikoroga, lakini hakuna aliyenisahihisha.

Ndipo Bibi akamgeukia Baba Mdogo: "Mimi kule nilikuwa nashukia Taji, nayo baa, kila nikienda sokoni, wewe ukiwa tumboni. Basi na sisi walevi?"

Hapo walicheka kicheko kingine. Baba Mdogo aliomba radhi. Yule mzee akaomba aongezewe chai.

Nimeangalia ramani, Babu. Baa yenyewe imefungwa, sasa humo wanaishi watu. Kituo bado kinaitwa Simba Mwekundu. Nikimaliza shule nitakwenda huko, na Baba nimeshamwambia. Nitapanda basi pale Mnara wa Saa wenyewe, nikae nyuma ya dereva. Tukikaribia, sitabonyeza kengele. Nitasema kwa sauti, wanishangae wakitaka.

Pumzika, Babu. Safari hiyo nitakushusha mimi.

Mjukuu wako,
Zuhura