Kitara cha Bi Zuhura wa Cheyo

Mdogo wangu Faraja,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima, ila mkono wa kulia bado unauma. Jana hapa mtaa wa Cheyo, Tabora, mwenyeji wangu, Bi Zuhura, alinisikia nikisimulia zile filamu zetu za anga za juu, watu wanavyopigana kwa panga za mwanga. Akaingia chumbani, akatoka na kitara, upanga uliopinda kama mwezi mchanga. Kilikuwa cha babu wa marehemu mumewe, aliyelinda misafara ya kwenda Ujiji.

"Kimeganda kwenye ala tangu mume wangu afariki," akasema. "Nitolee, mwanangu, nikione."

Tukadondosha mafuta ya cherehani, nikavuta mpaka jasho likanitoka. Kikachomoka ghafla. Faraja, panga za kwenye filamu hazina uzito, zinapasua chuma kama papai. Hiki kilinivuta mkono chini. Nguvu yote lazima itoke begani kwako. Nikamwaza yule babu wa misafara akitembea nacho kutwa nzima porini.

Bi Zuhura alikipokea kwa mikono miwili, akapapasa mpini uliolika kwa kushikwa. "Mume wangu alikuwa akikifuta kila Ijumaa," akasema, machozi yakimtoka huku anatabasamu.

Nikataka kukirudisha kwenye ala. Akanizuia.

"Kiache kwanza. Kikae nami kidogo."

Mfikishie mama shikamoo yangu, wanao wakumbatie kwa niaba yangu. Nimewakumbuka mno.

Kaka yako,
Hamisi